Waliomshindisha Salamba

Sogeeni nisimulie. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Huko Shinyanga palikuwa na bingwa wa mbio za baiskeli, Salamba. Bingwa, nyoo! Mtu ameshinda miaka nenda miaka rudi bila kuujua upepo, maana kutwa alijificha nyuma ya migongo ya wenzake. Wenzake hao walikuwa watatu. Nkwabi alikuwa na kifua cha fahali. Lugembe alikuwa na jicho la kuona hatari ikiwa mbali. Ndaki alikuwa na miguu, na mimi nasema ilishinda ya Salamba. Lakini kazi yao ilikuwa moja: Salamba ashinde.

Siku ya mbio za kwenda Mwanza alikuja kocha wa timu ya ng'ambo, ile inayowalipa watu mshahara kwa kuendesha baiskeli tu. Alikuwa na nafasi moja. Salamba alikuwa ameshafunga mabegi na kuaga mashangazi wote.

Upepo ulivuma tangu asubuhi. Nkwabi akakaa mbele, akaukata mpaka Misungwi, bingwa kajibanza nyuma yake kama kifaranga. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Nkwabi alikula vumbi: nguvu zilimwishia, akaangukia mtaroni akitapika. Salamba akampita bila hata pole.

Mbele kidogo Lugembe akapiga kelele, "Chupa! Kwepa!" Salamba akaikanyaga hiyohiyo. Pancha. Gari la timu halikuwa karibu, basi Lugembe akachomoa tairi lake la mbele akamfungia.

"Fanya haraka, bwana!" Salamba akamfokea, akaondoka.

Na Ndaki? Ndaki alikuwa anaongoza peke yake, Mwanza inaonekana kabisa. Gari la timu yao likamfikia, kocha wao wenyewe, si yule wa ng'ambo, akatoa kichwa dirishani: "Msubiri bingwa!" Akashika breki. Breki, jamani! Akamsubiri, akamvuta hadi karibu na utepe, kisha akasogea pembeni. Salamba akainua mikono.

Jukwaani bingwa akamshukuru Mungu, mama yake na viatu vyake. Yule kocha mgeni, aliyezifuata mbio zote kwa gari lake, akacheka.

"Washindi ninao tele," akasema. "Nataka mmoja wa hawa waliomshindisha. Yeye abaki."

Salamba akakaa chini palepale. Simwonei huruma hata chembe.

Nkwabi na Lugembe walikuwa wameshaletwa na gari la timu; mngedhani wale watatu wataongea kiungwana. Thubutu!

"Bila kifua changu, hata Misungwi asingefika," Nkwabi akasema.

"Na bila tairi langu angefika Mwanza na nini, makalio?" Lugembe akajibu.

"Nyinyi mlitoa jasho na tairi," akasema Ndaki. "Mimi nilitoa ushindi wangu mwenyewe."

"Uliamriwa!" Nkwabi akamkemea. "Ungekuwa mwanamume ungekataa."

Wakashikana mashati mbele ya mgeni. Watu walewale waliomwachia mpuuzi kila kitu, sasa hakuna anayemwachia mwenzake hata neno. Aibu tupu.

Mgeni ameshafungua mlango wa gari, anataka jina moja. Msiniambie "wote waende", hilo ni jibu la wavivu. Mmoja ataondoka. Wawili watabaki, na mbio zijazo watarudi kumkatia Salamba upepo, naye atawapita bila pole.

Haya, wewe unayejiona una akili: ungemtaja nani?