Pikapu ya Bluu ya Tukuyu

Isome taratibu, kisha mtumie mtu mmoja uliyepanda naye mlima wa maisha.

Huko Tukuyu, kwenye mvua isiyochoka, aliishi mstaafu mmoja aliyeitwa Ambakisye.

Katika utoto wake wote, hakuna alichokikumbuka kama pikapu ya bluu ya marehemu baba yake. Siku za gulio alikaa mbele, katikati ya baba na baba yake mdogo. Vioo vilijaa ukungu, baba akiimba mapambio, na kila akibadili gia kiwiko chake kilimgusa mtoto goti. Baba alipougua, pikapu ikauzwa.

Ambakisye aliitafuta miaka mingi. Mwishowe akaikuta Kyela, nyuma ya nyumba ya mkulima wa mpunga, kuku wakitagia vitini. Akainunua papo hapo.

Miezi tisa alishinda gereji na fundi Mwasile. Walikwangua kutu, wakafungua injini yote na kuifunga upya, wakanyoosha bodi, wakapiga rangi ileile ya bluu. Siku injini ilipokubali, Ambakisye alisikia mngurumo ule wa utotoni. Akageukia ukutani, afute machozi.

Akaiendesha moja kwa moja hadi kwa mama yake, Bi Tumpe, bibi wa miaka themanini na minne.

"Mama, njoo uone! Gari la baba limerudi!"

Bi Tumpe akatoka na fimbo yake. Akalizunguka gari polepole, akaligusa ubavuni. Hakutabasamu.

"Mama, hujafurahi?"

"Nimefurahi kwa ajili yako, mwanangu. Wewe unalikumbuka kwa mbele. Mimi nilipanda nyuma, juu ya mikungu ya ndizi, nimeegemea kioo chenu, mvua yote yangu. Miaka kumi na minne. Baba yako hakuwa mtu mbaya, ila mbele palikuwa pa wanaume."

Ambakisye aliligeukia gari. Alikumbuka kila kona ya gari lile, hata harufu yake. Lakini katika safari zote zile alizokuwa akizililia, hakumwona mama yake hata mara moja. Hakuwahi kugeuza shingo.

"Nisamehe, Mama."

"Ulikuwa mtoto. Haya, nifungulie mlango."

Akamwinua kwa mikono miwili, akamkalisha mbele, akamfunika miguu kwa koti lake. Wakashika barabara ileile ya gulioni, kati ya mashamba ya chai.

Bi Tumpe alishusha kioo. Alitazama mbele, kama mgeni.

"Kumbe njia hii ni nzuri hivi!" akasema. "Kule nyuma nilikuwa naona tulikotoka tu."

Funzo: Kabla hujazisifu enzi za zamani, muulize uliyekuwa naye safarini yeye alikaa wapi, na kama bado yu hai, mpishe mbele leo.