Betri Iliyovimba ya Bibi Nyamizi

Hapo zamani, si zile za wafalme, ni hizi za juzi tu betri za kuchaji zilipoanza kuingia vijijini, Bibi Nyamizi aliishi na wake watatu wa wanawe: Kabula, Milembe na Kalunde.

Tochi ya Bibi ikafifia. Akafanya alichofanya miaka yote kwa betri za redio: akaitoa betri, akaianika juani ipate nguvu. Akaiweka juu ya gunia la maganda ya karanga, kando ya ukuta wa nyumba ya nyasi. Ndani alilala mtoto mchanga wa Kalunde.

Kabula akapita na ndoo. "Mama, betri yako imevimba kama andazi! Hiyo si ya kuanika, na usiichaji tena."

"Nimeanika betri wewe hujazaliwa, mwanangu."

Mkamwana haondoi kitu alichokiweka mama mkwe. Kabula akasema tena, akasema mara ya tatu. Alipoona hasikilizwi, akaingia ndani, akambeba mtoto, akamlaza jikoni, kibanda cha upande wa pili. Akaenda kisimani. Maji hayajileti.

Betri ikafoka. Ikatoa moshi, gunia likashika moto. Milembe hakumwomba mtu ruhusa. Alichukua jembe la mpini mrefu, akalisukuma gunia na betri yake mpaka uwanjani, akafukia kwa udongo. Paa likanusurika. Nyusi zake hazikunusurika.

Bibi akasema: "Ikipoa, itupeni chooni. Na zile nne mbovu za kabatini."

Kalunde alikuwa ndiyo kwanza anatoka shamba. "Chooni, mama? Na kisima kiko pale? Tutakunywa nini?"

Akaiacha ipoe hadi kesho yake. Akaziba ncha za kila betri kwa selotepu, ile iliyoungua akaitia katika kopo lake peke yake lenye mchanga mkavu, akatembea nusu siku hadi gulioni, kwa fundi anayekusanya betri mbovu za kupeleka kiwandani. Fundi alikuwa na zawadi kwa nyumba ya kwanza kuleta: taa moja ya sola. Kalunde akarudi nayo nyumbani. Moja tu, na wake watatu, kila mmoja ana watoto wanaosomea kibatari.

"Yangu," akasema Kabula. "Mimi niliona kabla ya moshi. Nisingemhamisha mtoto, leo tungekuwa matangani."

"Ukaona, ukaenda zako kisimani!" akasema Milembe. "Nyumba ningeizima kwa maneno yako matatu? Nitazameni usoni, halafu mniambie taa ni ya nani."

"Poleni na asanteni, mwanangu yuko hai," akasema Kalunde. "Lakini ninyi mmeokoa siku moja. Mimi nimeokoa kisima. Na miguu iliyoifuata taa ni hii."

Msiniambie wapokezane. Mnajua wenyewe kitu cha wote kinavyoishia.

Bibi Nyamizi aliipokea taa. Kijipaneli chake akakiweka juani, taa yenyewe akaivutia kivulini kwa waya wake, mbali na nyasi, wala hakuambiwa na mtu. Kisha akawageukia wakamwana wake.

"Nilikosea mimi, nanyi mkanisitiri aibu. Kesho taa hii italala kwa mmoja wenu."

Haya, ninyi mliokaa hapa mnabangua karanga: Bibi ampe nani? Je, nani alistahili?