Makonyo ya Kima

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge? Itikeni vizuri, ngano ya leo inauma. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shamba moja la mikarafuu. Walichuma pamoja, wakachambua pamoja. Karafuu wakazianika juani. Makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, wakayatupa. Kuni wakakata msituni. Wakakata, wakakata, msitu ukakaribia kubaki vishina.

Siku moja Kima akatia makonyo jikoni. Tatata! Moto ukawaka, harufu ikajaa shamba zima.

"Jamani, njooni! Moto wa bure!"

Wakamshangilia. Msitu ukapumzika. Mpaka hapo Kima alitenda jema, nami namsifu.

Lakini sifa, wanangu! Paa akaja, "Ndugu Kima, niongeze." Nguruwe akaja, "Na mimi." Makonyo yakaisha, na msimu wa kuchuma bado. Kima akaona haya kusema hakuna. Akapanda mkarafuu. Ka! Ka! Akavunja tawi liwe kuni.

Juu ya mkarafuu huo aliishi Bi Tetere na kinda wake mmoja, hajaota manyoya.

"Mwanangu Kima, wafanya nini?"

"Naokota taka, Bi Tetere."

"Taka huokotwa chini, haivunjwi juu. Tawi hilo bado lazaa."

"Moja tu."

Kesho yake akarudi. Ka! Ka! "Moja tu." Keshokutwa yake akarudi, na siku zilizofuata. Sasa limebaki tawi la kiota.

"Mngoje kinda wangu aruke! Siku saba tu, Kima!"

"Wenzangu wananingoja jikoni."

Ka! Pu!

Bi Tetere akashuka. Akamfunika mwanawe kwa mbawa. Akamfunika mchana kutwa. Kinda hakuamka.

Kima akashika kichwa. "Nisamehe, Bi Tetere."

"Nimekusamehe. Lakini sasa nimfunike nani?"

 

Msimu ulipofika, mikarafuu yote ilikuwa imekauka, maana Kima alikuwa ameivunja vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Karafuu hakuna. Makonyo hakuna. Majiko yakalala baridi, na wanyama wakaanza tena kuutazama msitu.

Funzo ni hili: taka ya zao ni moto usiokwisha, mradi zao lenyewe mmeliacha liishi. Okoteni kilichoanguka, kilicho hai kiacheni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kulia na alie, mimi nimeshalia.