Kapu la Simu la Bwana Fisi

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na nyumba, na vikao, na simu. Wewe unayecheka huko nyuma, ndiyo, na simu! Hadithi ni yangu, na mimi nasema zilikuwapo. Tulia usikie.

Basi kwenye majabali ya Mawe Saba aliishi Bi Pimbi, mjane, mfupi hivi, ungempita bila kumwona. Alikuwa na binti mmoja tu, Kidawa. Kazi yake Bi Pimbi ilikuwa ulinzi. Wazazi wote wakienda malishoni, yeye hupanda juu ya jabali kubwa, akakodoa macho. Akiona hatari anapiga mluzi: fyuuuu! Hapo watoto wote, wa Swala, wa Ngiri, wa nani sijui, wanaruka mashimoni na vichakani. Ndivyo walivyolelewa.

Siku moja akaja Bwana Fisi na kapu kubwa kichwani. Ndani simu tele, ndogondogo, za kila rangi.

"Zawadi kwa watoto!" akatangaza kikaoni. "Bure kabisa! Mzazi akimtaka mwanawe, anampigia tu. Mimi nitaandika jina la mtoto na namba yake kwenye daftari langu hili, basi."

Wazazi wakashangilia. Mwenyekiti, Mzee Tembo, akapuliza mkonga: paaaa! "Haya ndiyo maendeleo!"

"Maendeleo ya nani?" akauliza Bi Pimbi. "Mwenyekiti, huyu Fisi hata mfupa aliokwisha kuutafuna hakupi. Leo atoe kapu zima bure? Mwanangu mimi, sitaki!"

"Mshamba huyo!" mtu akapiga kelele. Wakaangua kicheko.

"Na akipotea utampataje?" akauliza Mama Swala.

"Namwita. Ana masikio."

"Kaa chini, Bi Pimbi!" Tembo akafoka. "Kikao kimeamua. Kila mtoto apewe, asibaki hata mmoja."

"Nakaa. Lakini sikubali." Akakaa, kavimba kwa hasira.

Na Kidawa naye! Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiifuta simu yake kwa kiganja, akiibusu. "Mama, hata mtoto wa Digidigi anayo."

"Mwache Digidigi na mwanawe. Nakuambia wewe, mimi simwamini Fisi."

Kesho yake mchana Bi Pimbi yuko jabalini, mara nyasi zikatikisika. Fisi huyo, ananyata! Bi Pimbi akapiga mluzi: fyuuuu!

Hakuna aliyeinua kichwa. Akapiga tena, fyuuuuuu, mpaka mbavu zikamuuma. Wapi! Watoto wameinamia simu zao, vidole tu, tiki tiki tiki. Na Kidawa wake yumo katikati yao, mdomo wazi.

Jamani, moyo wa mama! Aliporomoka jabalini, puu, puu, akamkamata Kidawa sikio, akamtumbukiza kwenye ufa wa mawe. Wengine akawasukumasukuma huku akipiga kelele mpaka wakatawanyika. Kisha naye akajitosa ufani.

Alipochungulia, akamwona Fisi amesimama, daftari mkono mmoja, simu mkono mwingine, anabonyeza namba. Kichakani simu ikalia: kirrr! kirrr! Fisi akatega sikio, akaelekea pale pale. Bahati nzuri mtoto wa Digidigi alikuwa ameshakimbia, simu kaiacha.

"Kumbe!" Bi Pimbi akanong'ona. "Anawapigia ili ajue walipojificha!"

Akaenda mbio kwa Tembo, akamweleza yote.

"Ushahidi uko wapi?" Tembo akauliza, hata kutafuna hakuacha. "Una wivu na maendeleo, wewe."

"Wivu? Haya. Ushahidi utakuja wenyewe, tena utakuja unalia."

Akaondoka zake mpaka kwa Mzee Nungunungu. Huyu kutwa hulala shimoni mwake, na ole wake anayemkatiza usingizi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina usingizi."

"Naomba niweke kamzigo kangu humu shimoni mwako, siku moja tu."

"Weka. Ila usinipigie kelele."

"Mimi? Kelele zangu mimi utazisikia wapi, Mzee!"

Asubuhi yake Bi Pimbi akatandaza paneli ya sola juu ya jabali, akatangaza: "Nachaji simu za watoto! Bure! Leteni!" Wale wale waliomwita mshamba wakaja mbio wakigombania kutangulia. Bure, bwana! Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Kidawa ndiye aliyeleta yake mwisho, machozi yanamlenga.

"Utanirudishia, Mama?"

"Tutaona kama utaitaka."

Zilipojaa chaji, Bi Pimbi akawaficha watoto kwenye nyufa za mawe, kisha akazibeba simu zote, akazipanga taratibu shimoni kwa Nungunungu. Kisha akamwendea Fisi, anachechemea, uso wa huzuni.

"Bwana Fisi, nisamehe kwa maneno yangu ya kikaoni. Leo siwezi hata kulinda, mguu huu unaniua. Na wazazi wote wako malishoni."

Fisi akameza mate. Glup! "Pole, dada yangu. Nenda kalale. Lala kabisa!"

Bi Pimbi hata hajafika kwake, Fisi kashatoa daftari. Akabonyeza namba ya kwanza: kirrr! Shimoni. Ya pili: titititi! Shimoni. Ya tatu, ya nne, shimoni mle mle.

"Lo! Wamejazana wote humu!" Akacheka, khee khee khee! "Halo, wanangu! Mjomba wenu anaingia!"

Akatumbukiza kichwa mpaka mabegani.

Mle ndani Nungunungu akagutuka. "Nani ananipigia kelele?" Akageuza mgongo, akarudi kinyumenyume kwa nguvu zote: chwaaa!

"Uwiiii! Pua yangu! Mama weee!"

Fisi akachomoka, uso wote miiba. Wanyama wakaja mbio kutoka malishoni, watoto nao wakatoka mafichoni. Daftari liko chini. Tembo akaliokota kwa mkonga, akasoma kwa sauti:

"'Mtoto wa Swala, mnono, wa Jumatatu. Mtoto wa Ngiri, wa Jumanne. Mtoto wa Tembo...'" Akalisogeza daftari karibu na macho. "'Mtoto wa Tembo, mkubwa mno, nisubiri ndugu zangu waje tusaidiane.'"

Mama Swala akamkumbatia mwanawe, akaanza kulia. Tembo akaendelea:

"'Kidawa, wa kuonja tu. Mama yake msumbufu.'"

"Hapo kaandika kweli," akasema Bi Pimbi.

Fisi walimtimua, na miiba yake, hata daftari hakurudi kulichukua. Tembo akakohoa. "Bi Pimbi, kwa niaba ya kikao, tunakuomba radhi."

"Msiniombe mimi. Waombeni watoto. Mimi nina kazi."

Akapanda jabalini, akajaza pumzi: fyuuuu! Watoto wakaruka mashimoni, puu puu puu, na Kidawa ndiye wa kwanza. Bi Pimbi akacheka huku anafuta machozi.

Baadaye kichwa kikachomoza ufani. "Mama, simu yangu nitapata lini?"

"Ukikua. Na usininunie, maana hata ukinuna, hupati."

Mimi nimefika mwisho. Na atakayebisha funzo hili aje hapa mbele tubishane: mtoto mdogo hahitaji simu yake mwenyewe, anahitaji mtu mzima wa kumwangalia.