Namkunda na Mtaimbo Mkavu

Shikeni majembe yenu mkononi, watu wa Kirumo, na asiwepo wa kulaza lake chini mpaka nimalize, kwa maana huyu ninayemtaja leo, siku ya kusafisha mfereji, hakupenda hata kidogo kuona chuma kimelazwa.

Zamani za mababu wa mababu zetu, misitu ilipokuwa ikishuka mpaka kwenye vizingiti vya nyumba na chui akiingia zizini kana kwamba ameitwa, alizaliwa Namkunda binti Sengondo, Sengondo wa Kivuma, Kivuma wa Mrutu, yule Mrutu aliyefika milimani akitokea machweo na mvukuto wa ngozi begani. Ndiye Bega la Chuma. Ndiye Mama wa Maji ya Juu. Ndiye mwanamke aliyecheka mpaka mbuzi wakakatiza kula, aliyeimba vibaya kuliko binadamu yeyote wa wakati wake na hakuacha kuimba, na ambaye sisi sote tuliosimama hapa, wa juu na wa chini, tunamwita bibi yetu.

Alizaliwa Majivuni, mtaa wa wahunzi, chini ya nyumba zote za mteremko. Siku hizo wahunzi hawakuhesabiwa kuwa watu kamili. Wao ndio waliofua majembe yaliyolima migomba ya wa juu, mikuki iliyolinda ng'ombe wa wa juu, na nyembe zilizonyoa vichwa vya watoto wa wa juu, lakini mhunzi hakuruhusiwa kumkabidhi mtu kitu mkononi. Alikilaza juu ya jiwe bapa, akarudi nyuma, na mwenye kukiagiza akaja na kibuyu cha mafuta ya kondoo, akakipaka chuma mpaka king'ae, ndipo akakishika. Na aliyethubutu kushika chuma kikavu kutoka mkononi mwa mhunzi, sheria ilimfanya mhunzi, yeye na uzao wake. Alishuka Majivuni na hakupanda tena.

Hawakuoana na wa juu, wala hawakuzikwa penye makaburi ya wa juu. Hayo yote yaliuma, lakini lililoua ni maji. Mfereji huu wetu ulianza kwenye chemchemi kule juu, ukapita nyumba za wa juu, ukapita ndani ya mazizi ya ng'ombe, na mwisho kabisa, ukiwa umekanyagwa na kila kwato na kubeba kila kilichodondoka, ndipo ukafika Majivuni. Na wahunzi wenyewe ndio waliofua kila jembe lililouchimba.

Sengondo hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo nyundo aliichukua Namkunda. Akakua, akaolewa na mhunzi mwenzake, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Kateri, ambaye alimbeba mgongoni hata alipokuwa akifua. Wanasema mtoto yule alilala vizuri zaidi nyundo ilipolia, na ilipotulia aliamka akalalamika.

Wakati wa kiangazi Kateri aliharisha. Namkunda alijua dawa, na dawa ilikuwa maji safi. Akachukua mtungi, akapanda mchana kweupe, akapita nyumba za wa juu bila kuinamisha kichwa, mpaka kwenye chemchemi. Hapo alimkuta Mzee Kivaria, mlinzi wa mfereji na mtunza kibuyu cha mafuta, mtu mkavu wa uso aliyependa sheria kama wengine wanavyopenda pombe. Namkunda akapiga magoti.

"Baba, mtoto wangu anakauka. Nipe ya kunywa yeye tu."

"Mtoto wa mhunzi ni mhunzi," akasema Kivaria, na kwa fimbo yake akaupasua mtungi.

Kateri alikufa kabla jua halijazama, midomo yake ikiwa imepasuka. Nitawaambia kwamba hata mimi, niliyelisimulia jambo hili tangu meno yangu yakiwa yote kinywani, nikifika hapa huwa namchukia Kivaria upya. Namkunda alimzika kichakani, kama desturi ilivyotaka, akarudi kiwandani kwake, akafua mtaimbo mrefu kuliko mtu, mnene kama mkono wa mtu mzima. Watu wa Majivuni walipomuuliza ni wa nini, akatamka maneno haya: "Wa juu watamnywesha mtoto wa mhunzi maji ya juu kwa mikono yao wenyewe. Nisipoliona hilo, msinizike."

Masika yaliyofuata yalikuwa makali. Mlima ukaporomoka, na jiwe kubwa kuliko nyumba likakaa kwenye mdomo wa mfereji, maji yakakimbilia bonde jingine. Wa juu walikuja na magogo, na magogo yakavunjika. Migomba ikaanza kunyauka. Ndipo Mfumwa Irindi, kwani mtawala wetu tulimwita Mfumwa, akaagiza mitaimbo kutoka Majivuni. Wahunzi wakaileta, wakailaza juu ya jiwe bapa, wakarudi nyuma, na Mzee Kivaria akaipaka mafuta kwa mkono mkunjufu, maana kazi ilikuwa kubwa na alitaka usafi wa kutosha.

Hebu fikirini, ndugu zangu. Mnataka kuinua jiwe kama lile, na mnaanza kwa kupaka mafuta kitu mtakachokishika! Wakasukuma, jiwe likainuka kidogo, mitaimbo ikateleza mikononi kama samaki, jiwe likarudi. Likamkamata Mlaki, mwana wa pekee wa Mfumwa, likamnasa mguu, likamwinamia kifuani, na kila alipovuta pumzi liliinama zaidi.

Hapo ndipo alipotokea Bega la Chuma. Mtaimbo wake hakuulaza juu ya jiwe bapa siku ile wala siku nyingine yoyote. Akauchomeka chini ya jiwe, akaweka bega, akanyanyuka nalo, na jiwe likasimama. Wahunzi wenzake wakaja kushika, lakini walikuwa wachache, na jiwe halikuhitaji kusimama tu, lilihitaji kuondoka.

Namkunda akasema, na sauti yake ikafika mpaka kwa wale waliokuwa wamelikimbia jiwe: "Mfumwa, ninaweza kumshikia mwanao uhai, lakini kumtoa siwezi. Nahitaji mikono. Mikavu, juu ya chuma kikavu."

"Ukishika, umeshuka!" akapaza sauti Kivaria. "Wewe na uzao wako!"

Mfumwa Irindi alimtazama mwanawe, ambaye ndiye alikuwa uzao wake wote. Akaifuta mikono yake kwenye nguo mpaka mafuta yakaisha.

"Basi nimeshuka," akasema, akashika mtaimbo pale pale palipokuwa na mikono ya Namkunda.

Hakuna aliyemsubiri mwenzake tena. Walikuja wanaume, wakaja wanawake na watoto wao mgongoni, wakashika chuma kikavu mkono juu ya mkono, wa juu na wa Majivuni, mpaka aliyekosa nafasi kwenye chuma akamshika aliyeshika. Jiwe likaviringika likaenda zake korongoni, ambako mbuzi zenu wanalilalia mpaka leo. Mlaki akatolewa akiwa hai, kiguu lakini hai, na maji yakarudi.

Kila mtu akaitazama mikono yake. Nchi nzima ilikuwa imekuwa wahunzi, isipokuwa Kivaria na wazee wachache wenye migongo mibovu waliokaa pembeni na kibuyu chao.

Kivaria hakuwa mjinga. Aliona kwamba akiwashusha wote atabaki kutawala kuku. Akainua kibuyu akatangaza: "Njooni niwapake. Kwa haja ya leo, mafuta yatawaosha, nanyi mtabaki wa juu kama jana."

Watu wakaanza kusogea. Namkunda akasimama mbele ya kibuyu, bega linamvuja damu, akasema: "Kama mafuta yanaweza kuwaosha ninyi mlioshika chuma leo, mbona hayakumwosha Kateri? Mwanangu hakuwahi kushika hata sindano."

Aliyekuwa amesogea akasimama.

Mfumwa Irindi hakusogea kwenye kibuyu. Alikuwa amesema ameshuka, akashuka. Akabeba kigoda chake mwenyewe kichwani, akateremka mteremko wote mpaka Majivuni, watu wakimfuata, akakaa, akachota maji ya mwisho wa mfereji kwa kiganja, akanywa. Aliyatema. Akachota tena, akajilazimisha kuyameza, na tukaona, nasema tukaona kwa kuwa macho ya wazee wetu ni yetu, Mfumwa akilia mbele ya watu.

Akatamka: "Mazizi yote yahamishwe chini ya Majivuni. Maji yaguse binadamu wote kabla hayajagusa ng'ombe. Na jiwe bapa livunjwe."

Kisha akapanda tena mpaka kwenye chemchemi, watu wote nyuma yake, akajaza viganja viwili, akampelekea Namkunda. Namkunda hakunywa. Akaonyesha kwa kidevu mwanamke wa Majivuni aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni.

"Mtoto kwanza," akasema.

Mfumwa akampelekea mtoto viganja vyake mdomoni, naye Namkunda akamwambia mtoto yule, ambaye jina lake lilikuwa jingine kabisa, "Kunywa, Kateri." Hapo lile bega lililoshinda jiwe lilitikisika, akalia kwa sauti mbaya kama alivyoimba, na hakuna aliyemcheka.

Msidhani yaliyobaki yalikuwa rahisi. Kuna nyumba zilizoendelea kuficha vibuyu uvunguni kwa miaka, na Namkunda alikwenda nyumba kwa nyumba, akihudhuria harusi ambazo hakualikwa, akisimama makaburini mpaka mhunzi azikwe pamoja na wengine. Kivaria mwenyewe alikaa safi peke yake mpaka akakosa hata mtu wa kucheza naye bao. Jembe lake lilipokatika aliteremka, akasimama mlangoni kwa Namkunda akitazama miguu yake. Namkunda akampa jembe jipya, mkono kwa mkono, naye akalipokea.

Alipozeeka, asubuhi moja ya siku kama hii, alichukua mtaimbo wake akapanda na mfereji, ukungu ukiwa mzito. Walimsikia akiimba, ndiyo, vibaya, mpaka juu kabisa, halafu hawakumsikia. Walipofika waliukuta mtaimbo umesimama wima kwenye mdomo wa mfereji, maji yakipita huku na huku. Yeye hawakumwona, na kaburi lake hatulijui. Nadhani alienda kumtafuta mwanawe kichakani.

Mtaimbo ule ndio huu. Upokeeni, mpitishane, mikono mikavu, mpaka uguswe na kila mmoja. Sasa, nani amejifungua mwaka huu? Lete mtoto, mama, usione haya. Ni wa ukoo gani? Hapana, usinijibu, tumeacha kuuliza.

Kunywa, Kateri.