Mihogo ya Mvi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Sema wewe!

Haya, pakawa na nyika iliyojaa wazee. Vijana wawili tu, Swala na dada yake. Wawili walime, thelathini wale! Na desturi ilikuwa hii: kila shungi la mvi, muhogo mmoja. Aliyegeuka mweupe mwili mzima hahesabiwi tena. Huyo hana meno, hupikiwa uji.

Nyati na Pimbi walizaliwa msimu mmoja. Lakini Nyati ana ngozi pana, mvi tele. Pimbi ana shungi moja, nyuma ya sikio. Siku ya mgao Nyati huondoka na lundo, Pimbi na muhogo mmoja. Nyati anatafuna, kwachu! kwachu! Tumbo la Pimbi linalia, nguruu! nguruu! Jamani, wivu ulimkaba Pimbi hata mate hayapiti. "Umri mmoja! Yeye anavimbiwa, mimi nakufa njaa!"

Akamwendea. "Hujambo, Nyati?"

"Sijambo. Kama umekuja kuomba, rudi."

"Niombe nini? Nakusikitikia tu. Mgongo wote huo mweusi! Pale pangekupa mihogo hamsini."

Nyati akaacha kutafuna. "Hamsini?"

"Labda sitini. Na jivu limejaa tele jikoni, bure."

Asubuhi ya mgao Nyati akajigaragaza jivuni. Mgongo, puu! Tumbo, puu! Kwa tamaa hakubakiza hata mkia. Akaja mbio.

"Haya, hesabuni!"

Swala akashika mdomo. "Maskini Babu! Mweupe mwili mzima! Dada, injika uji."

"Uji wa nini? Meno ninayo!"

"Kwani hizo mvi si za kweli, Babu?" dada yake akauliza.

Nyati akawatazama wazee wenzake wenye njaa. Aseme ni jivu, avunjwe pembe?

"Za kweli," akasema kwa sauti ndogo.

Lundo lake wakagawiwa wenye mvi chache. Pimbi akajichagulia muhogo mnene, akaketi karibu kabisa na Nyati. Kwachu! Kwachu! Nyati anapuliza uji, fuu, fuu, na sasa wivu umehamia kwake. Hadi leo, kila siku ya mgao, Nyati hujipaka jivu upya asije akaumbuka, kisha hupewa uji wake.

Ngano yangu naiacha hapo jikoni, mwenye meno aichukue. Funzo? Wivu ni kitu kibaya sana, wanangu. Muulizeni Pimbi, atawaambia. Ngojeni tu amalize kutafuna.