Puluki kwenye Mswala

Mtu mmoja alikuwa na mabinti wawili, wote wasusi wa mikeka. Aliitwa Maalim Faki, imamu wa kijiji, mtu mzito wa kusifu. Mkubwa alikuwa Mize, mdogo Kazija. Zamani, wangali wasichana, baba aliwahi kumwambia Kazija, "Mkono wako mzuri." Mara moja tu, na Kazija mwenyewe alishasahau. Mize hakusahau. Neno lile lilimuuma miaka ishirini, akisubiri na yeye aambiwe.

Msikiti mpya ulipokwisha, baba aliwataka kila mmoja asuke mswala. Ijumaa ya kwanza angetandika mmoja mihrabuni, pale anaposimama imamu. Mize alichagua ukindu mwembamba kabisa, akasuka kwa subira, akaunga kili zake, zile kanda alizosuka, hata mshono usionekane. Ulikuwa mswala kwelikweli. Laiti angeishia hapo!

Lakini alikuwa na roho ya kwa nini. Alhamisi asubuhi, Kazija alipokwenda kisimani, Mize aliingia chumbani kwake akaukunjua mswala wa mdogo wake. Ulikuwa wa rangi tatu, nyekundu, kijani na zambarau, umependeza. Wivu ukampanda. Huyu tena? Hata leo awe yeye?

Akarudi kwake, akafungua sanduku, akatoa gauni lake la harusi. Kifuani lilijaa puluki, vile vibati vidogo vinavyometameta, ambavyo bibi harusi hushonewa ili aonekane tangu mlangoni. Akazifumua zote. Akazishona kwenye mswala wake mwenyewe, na nyingi zaidi akaziweka pale juu, mahali imamu anapoweka uso. Mtu mzima, jamani, anayesali tangu utoto wake, akasahau mswala ni wa nini.

Ijumaa waliipeleka miswala yote miwili ikiwa imekunjwa. Baba akaupokea wa Mize bila hata kuufungua, wa Kazija akauweka kando. Mize nusura apige kigelegele. Maalim alikuwa na mtoto wa jicho. Alipoutandika aliona mng'aro tu, akadhani ni jua la dirishani.

Akasalisha. Alipotoa salamu na kuwageukia watu, kipaji chake cha uso kilikuwa kimechubuka mahali patatu, damu inachirizika, na puluki moja imemganda katikati ya nyusi, inameta. Safu ya mbele waliinamisha vichwa. Nyuma mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikavuka pazia mpaka kwa wanawake, alikokuwa Mize.

Nyumbani baba hakugomba. Alikaa barazani, akazing'oa puluki moja moja kwa kucha, Kazija akimsaidia. Kila iliyotoka iliacha tundu la sindano, na ukindu ule mwembamba ukaanza kukatika. Alipomaliza aliugeuza mswala upande wa chini, akaupapasa kwa muda mrefu, kisha akamwita Mize.

"Mwanangu, Jumanne hukuwapo, nikaupitishia mkono mswala wako, tangu siku ile nilikuwa nimeshauchagua."

Mize alitamani ardhi ipasuke immeze. Sifa aliyoisubiri miaka ishirini ilimfika mikononi pamoja na mswala uliotoboka, usiofaa tena kutandikwa popote. Mihrabuni ukaenda wa Kazija.

Kijijini kwao neno la puluki limebaki. Mtu akitoa sadaka kwa makelele, watu husema, "Ametoa puluki." Anayelia msibani akichungulia nani anamtazama, husemwa, "Huyo analia puluki." Na Mize akiwasikia, huinamia mkeka anaousuka.

Nawe unayenisikiliza, juu ya kazi yako nzuri umeshona nini, kwa kumwonea wivu nani, na ni kipaji cha nani kitakachotoka damu?